Mwenye kovu usidhani kapoa: deni la utafiti wa saratani Bomet na Kericho

Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, nchi ya majani chai na mvua ya alasiri, kuna ugonjwa ambao humnyima mtu chakula hatua kwa hatua. Kwanza humkataza nyama, naye akadhani ni mfupa uliomkwaruza kooni. Baada ya wiki kadhaa ugali nao hukwama, ikambidi auteremshe kwa maziwa au kwa chai. Kisha hubakia uji. Na mwishowe hata maji hurudi yalikotoka. Mgonjwa wa namna hiyo hufa kwa njaa ilhali shamba lina mahindi, kibuyu kina maziwa na jamaa wamemzunguka wakiwa tayari kumlisha. Hiyo ndiyo saratani ya umio, yaani saratani ya mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Si ugonjwa wa kusimuliwa tu. Makadirio ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yanaonyesha kuwa Kenya hupata maelfu ya wagonjwa wapya wa saratani hii kila mwaka, na idadi ya wanaokufa kwayo inakaribia kulingana na idadi ya wanaougua. Katika hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari karibu na mji wa Bomet mwaka 1937, madaktari waliandika mwaka 2010 kwamba kati ya 1996 na 2009 waliwagundua wagonjwa zaidi ya 100 wenye umri wa miaka 30 au chini yake. Mdogo wao alikuwa na miaka 14. Kwingineko duniani huu ni ugonjwa wa wazee. Kwetu umeingia hadi madarasani.

Makala haya hayakusudii kumtisha msomaji. Nia yake ni kuuliza swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Wagonjwa wa nchi hii ya chai wametoa miili yao, damu yao na siku zao za mwisho ili wataalamu wajifunze. Elimu iliyopatikana imechapishwa katika majarida makubwa ya utabibu na kusomwa London na Washington. Je, elimu hiyo imewarudia walioitoa? Na wale waliotibiwa wakabaki hai, ni nani huwafuata nyumbani kujua wanaishije?

Yafaa kwanza tutoe sifa panapostahili sifa. Wagonjwa wengi wa saratani ya umio hufika hospitalini wakiwa wamechelewa mno kufanyiwa upasuaji wa kuwaponya. Zamani kidogo mtu wa hali hiyo alirudishwa nyumbani kungoja. Wapasuaji wa Tenwek, akiwemo Daktari Russell White, waliamua kwamba kungoja hivyo hakukubaliki. Walianza kutumia stenti, yaani kijibomba cha waya mwembamba kilichokunjwa, ambacho hupenyezwa hadi penye uvimbe kisha hujitanua chenyewe na kuifungua njia ya chakula. Katika nchi tajiri kazi hiyo ilizoeleka kufanywa chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati daktari akiendelea. Mwaka 2001 Tenwek ilichapisha namna ya kuifanya bila mashine hiyo, kwa kutumia kamera nyembamba inayoingizwa kooni. Ukosefu wa kifaa ulizaa maarifa.

Mwaka 2009 jarida la Lancet Oncology lilichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 wa Tenwek waliowekewa stenti bila tiba nyingine. Wengi waliokuwa hawawezi hata kumeza uji waliweza tena kula chakula cha kawaida au kilicholainishwa, na kwa sehemu kubwa yao nafuu hiyo ilidumu hadi siku ya kufa. Ni kweli kwamba stenti haiponyi saratani. Lakini mtu anayekufa akiwa amekula mezani na wanawe hafi kifo kile kile cha yule anayekufa akitazama sahani. Ushahidi huo ulitoka Bomet, na umewafaa wagonjwa wa nchi nyingi. Muungano wa watafiti wa saratani ya umio barani Afrika, ujulikanao kama AfrECC, baadaye ulishughulikia upatikanaji wa stenti kwa bei nafuu katika Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia.

Hata hivyo, ndani ya utafiti huo huo mna jambo linalopasa kutukosesha usingizi. Wagonjwa ambao habari zao za muda mrefu zilipatikana walikuwa takriban thuluthi moja tu. Waliobaki walirudi vijijini, nyuma ya vilima vya Sotik, Bureti na Chepalungu, na daftari la hospitali halikusikia habari zao tena. Hilo si kosa la daktari aliyekuwa na foleni ya watu mlangoni. Katika miaka hiyo simu zilikuwa chache, barabara zilikuwa tope, na hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kazi yake ikiwa kubisha hodi. Lakini maana yake ni kwamba katika kila watu watatu tuliowatibu, hatujui wawili waliishije. Kama stenti iliziba, kama ilisogea, kama mtu alilala na njaa wiki sita kabla ya kufa akiamini hakuna la kufanywa, hatukuandikiwa.

Ndipo ninaposema kwamba utafiti wa tiba na utunzaji wa aliyetibiwa ni kitu kimoja. Anayetenganisha mambo hayo mawili huharibu yote mawili.

Hebu tueleze kwanza jaribio la tiba ni nini, maana neno lenyewe limewatia wengi hofu. Mtu husikia "jaribio" akafikiria panya wa maabara. Jaribio lililo halali huwa hivi: kuna tiba mbili, na madaktari hawajui kwa hakika ni ipi iliyo bora. Wagonjwa walioeleweshwa na kukubali hugawanywa kwa kura, kundi hili lipate tiba ya kwanza na lile ipate ya pili, ili mapendeleo ya daktari au uwezo wa mfuko usiamue. Kisha wote hufuatiliwa kwa miezi au miaka. Bila kufuatilia, hakuna jaribio. Kuna kubahatisha kulikovaa koti jeupe.

Kwa njia hiyo Waholanzi walilinganisha, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004 likiwa na wagonjwa 209, stenti na mionzi inayotolewa kutoka ndani ya umio. Stenti ilifungua njia upesi zaidi. Mionzi ilileta nafuu iliyodumu zaidi na matatizo machache. Waingereza nao waliwapima wagonjwa 220 ili kujua kama inafaa kuongeza mionzi ya nje baada ya stenti, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa kwa walio wengi nyongeza hiyo haikuzuia shida ya kumeza kurudi. Matokeo ya namna hiyo humwokoa mgonjwa safari, fedha na uchovu usio na faida. Jaribio hutufundisha la kutenda na la kuacha.

Lakini tazama jaribio jingine, lililo maarufu kuliko yote katika ugonjwa huu. Huko Uholanzi wagonjwa wapatao 360 ambao saratani yao ilikuwa bado yaweza kukatwa waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilifanyiwa upasuaji peke yake. La pili lilipewa kwanza dawa za kemikali pamoja na mionzi, kisha upasuaji. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2012, nusu ya kundi la kwanza walikuwa wameishi zaidi ya miezi 24, na nusu ya kundi la pili zaidi ya miezi 49. Saratani ya umio ina aina mbili kubwa. Ile inayowapata watu wa Bomet na Kericho, inayoanza katika ngozi laini ya ndani ya umio, ndiyo iliyonufaika zaidi: ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha miezi 81 dhidi ya 21.

Msomaji ataona ajabu iliyopo hapa. Wagonjwa wa aina hiyo walikuwa takriban robo tu katika jaribio la Uholanzi, wakati kwetu ndio karibu wote. Ugonjwa uko kwetu. Jaribio liko kwao. Tena tiba iliyoshinda ilihitaji mionzi mara 23, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Bomet aliyehitaji mionzi alilazimika kufunga safari hadi Nairobi au Eldoret. Sasa mfikirie mchumaji wa majani chai anayelipwa kwa kilo. Siku asiyochuma hana chake. Mwambie akae wiki tano mjini, akilipa malazi, ilhali watoto wamebaki nyumbani na mazao yanangoja. Tiba ipo, ushahidi upo, lakini kati ya mgonjwa na tiba pana bonde ambalo hakuna mtafiti aliyelitia katika hesabu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba watafiti waondoke, kwamba watu wetu wasifanywe vifaa vya kujifunzia. Wakiondoka, tutaendelea kutibiwa kwa ushahidi uliopimwa kwa watu wengine, wenye aina nyingine ya saratani, wanaoishi dakika 20 kutoka kwenye mashine ya mionzi. Tunahitaji majaribio mengi zaidi hapa hapa, yatakayouliza maswali ya hapa: je, mionzi ya siku chache zaidi yaweza kumfaa mtu wa mbali? Je, mgonjwa aliyedhoofika kwa njaa alishwe kwanza kwa namna gani kabla ya kupasuliwa? Maswali haya Mholanzi hawezi kutuulizia.

Kuna upande mwingine wa utafiti uliofanywa Bomet ambao unalifanya suala la kufuatilia kuwa zito zaidi. Daktari Michael Mwachiro na wenzake wa Tenwek, wakishirikiana na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, waliwapima watu wazima 305 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Walitumia kamera na iodini, dawa inayoupaka umio rangi na kuacha wazi sehemu zenye kasoro. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, asilimia 14.4 ya watu hao, yaani kama mmoja katika kila saba, walikutwa na chembechembe zilizokwisha kuanza kubadilika. Hiyo si saratani. Wengi wenye mabadiliko madogo huenda wasiipate kamwe. Lakini ni mlango ambao saratani hupitia.

Sasa jiulize, msomaji: mtu aliyeondoka nyumbani mzima, akala chakula chake bila shida, kisha akaambiwa kwamba umio wake una kasoro, huyo ni mgonjwa au ni mzima? Hana cheti cha ugonjwa, wala hana tena amani ya mzima. Anahitaji kupimwa tena baada ya muda maalum, na kama kasoro imezidi, iondolewe au iunguzwe kwa kifaa kabla haijawa saratani. Anahitaji mtu atakayekumbuka jina lake mwakani na mwaka utakaofuata. Kumpima mtu ni kuingia naye mkataba. Anayepima bila nia ya kufuatilia huacha hofu pale alipokusudia kuleta kinga.

Wachina walilielewa hilo mapema. Katika wilaya ya Linxian, ambako saratani ya umio imeua watu wengi kwa vizazi, watu karibu 30,000 waliingizwa katika jaribio la virutubisho kuanzia 1985 hadi 1991. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993, lakini watafiti hawakufunga virago. Waliendelea kuwafuatilia watu hao kwa miongo. Katika wilaya nyingine, Cixian, wanavijiji walipimwa umio mara moja kwa kamera na iodini, na waliokutwa na kasoro kubwa wakatibiwa. Miaka kumi baadaye, walioishi katika vijiji vilivyopimwa walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo kwa kiasi cha asilimia 3.35, na wa vijiji ambavyo havikupimwa asilimia 5.05. Tofauti hiyo isingejulikana, wala watu hao wasingeokoka, kama watafiti wangekusanya takwimu na kwenda zao.

Wako watakaosema kwamba China ni China, na kwamba watu wa mashamba ya chai huhamahama na hawawezi kufuatiliwa. Hoja hiyo imekwisha kanushwa hapo hapo Kericho. Kuanzia 2003, taasisi ya KEMRI ikishirikiana na watafiti wa jeshi la Marekani iliwaandikisha watu zaidi ya 2,500 kutoka katika mashamba makubwa ya chai ili kuchunguza virusi vya Ukimwi, na kuwafuatilia kila baada ya miezi sita kwa muda wa miaka mitatu. Walipatikana kwa sababu palikuwa na bajeti ya kuwatafuta, kliniki iliyokuwa karibu, na watumishi ambao kazi yao ilikuwa hiyo. Kilichowezekana kwa virusi chashindikanaje kwa saratani?

Tuje sasa kwa wale waliobaki hai. Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu aliyekatwa umio na tumbo lake likavutwa juu ili kuziba nafasi hatakula tena kama zamani. Hula kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku. Akila upesi, au akila vitu vitamu vingi, moyo humwenda mbio, jasho humtoka na kizunguzungu humshika. Hulala akiwa ameinua kifua kwa mito, maana akilala chali chakula hupanda. Mara nyingine mshono hukaza, akahitaji kurudi hospitalini kupanuliwa. Mwenye stenti naye hutakiwa kutafuna mno, kujiepusha na vipande vya nyama ngumu, kunywa maji pamoja na chakula, na kurudi upesi njia inapoziba.

Maelekezo hayo ni mepesi kuyaandika. Kuyaishi ni jambo jingine. Katika arusi au tohara, mgeni asiyekula huonekana ana dharau, au ana siri. Kwenye shamba la chai hakuna mapumziko mara saba kwa siku. Kikapu mgongoni humwinamisha mtu, na kuinama ndiko kunakokirudisha chakula kinywani. Wapo wanaoacha kazi kwa sababu hiyo, na wapo wanaoacha kula ili wasiache kazi. Mkulima mdogo aliyeuza ng'ombe na kuitisha harambee ili apasuliwe hurejea nyumbani akiwa hai lakini akiwa na deni, akingoja bonasi ya majani ambayo tayari imeahidiwa kwa wengine. Mkewe, au binti yake aliyekatiza masomo, amekuwa muuguzi bila mshahara. Na kila anapokwamwa na tonge, nyumba nzima hunyamaza, kwa kuwa kila mmoja anawaza kitu kile kile.

Ni nani anayeandika mambo haya? Daftari la utafiti huuliza kama mtu yu hai au amekufa. Halina budi pia kuuliza kama anakula, kama anafanya kazi, kama analala, kama anaogopa. Hayo nayo ni matokeo ya tiba. Pengine kwa mgonjwa mwenyewe ndiyo matokeo makubwa zaidi.

Kuna na jambo la lugha. Mgonjwa hutia kidole gumba kwenye karatasi ya idhini kabla ya kuingia katika utafiti. Azimio la Helsinki, lililotolewa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, la karibuni likiwa la 2024, linataka washiriki waeleweshwe sawasawa, tena wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya utafiti unapokwisha. Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Lakini matokeo huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na bibi wa Silibwet au Ndanai aliyetoa damu yake hasomi jarida la Lancet. Angeelezwa kwa Kipsigis, katika baraza la chifu, kanisani, au kupitia redio kama vile Kass na Chamgei, angeelewa vizuri kabisa.

Elimu isiporudi kwa lugha ya watu, uvumi huchukua nafasi yake. Chukua suala la chai yenyewe. Mwaka 2016 IARC ilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na watafiti wa Eldoret wakishirikiana na IARC, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kuwa wanaokunywa vinywaji vya moto sana wamo katika hatari kubwa kuliko wanaongoja vipoe. Kosa ni la moto, si la jani. Ujumbe huo ukipotoshwa, mkulima ataambiwa kwamba zao linalomsomeshea watoto ndilo linalomuua, na kwa haki kabisa atakataa kusikiliza. Ukielezwa vizuri, kinga yake haina gharama: acha kikombe kitulie dakika chache. Hali kadhalika mursik, maziwa ya kibuyu yaliyotiwa mkaa wa senetwet. Watu wamesikia yakilaumiwa, ilhali ushahidi dhidi yake haujathibitika kama ule wa tumbaku na pombe. Wananchi wana haki ya kuambiwa kipi kimethibitika na kipi bado.

Najua litakaloulizwa na wakubwa: fedha zitatoka wapi? Hospitali zinakosa dawa, nawe unazungumza habari za kubisha hodi? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya chombo kinachohitajika imekwisha kununuliwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wenye vifaa na simu. Hao hupita nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa dalili chache tu, yaani kukwama kwa chakula, kupungua uzito, stenti iliyoziba, mshono uliokaza, watakuwa daraja kati ya kijiji na hospitali za Tenwek, Longisa, Kapkatet na Kericho. Na kila mradi wa utafiti unaoomba kibali cha NACOSTI utakiwe kuonyesha, katika bajeti yake, fedha za kuwafuatilia washiriki na za kuwarudishia matokeo kwa lugha yao. Mradi usio na fungu hilo usipewe kibali.

Bima nayo itazamwe upya. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na tiba ya saratani imo katika huduma zake, ingawa kwa kiwango chenye mpaka. Lakini saratani ya umio haimalizwi na siku ya upasuaji. Kurudi kupimwa, kupanuliwa mshono, kubadilishiwa stenti na kupewa huduma shufaa nyumbani ni sehemu ya tiba, na visihesabiwe kama anasa. Wafanyakazi wa mashamba, kupitia vyama vyao, wadai kazi nyepesi kwa aliyetoka katika matibabu, na mapumziko ya kula. Waajiri waliokwisha kuleta mashine za kuchuma majani hawatashindwa kumtafutia mtu mmoja kazi ya kupima mizani.

Mwezi Julai 2019 kaunti ya Bomet ilimpoteza gavana wake, Joyce Laboso, aliyeuawa na saratani baada ya kutibiwa Uingereza na India. Msiba huo uliwaunganisha watu wa tabaka zote, kwa sababu ulionyesha kuwa saratani haiangalii cheo. Lakini ulionyesha pia umbali uliopo: mwenye cheo huweza kuitafuta tiba hadi ng'ambo, na mchumaji huishia pale nauli yake inapoishia. Baada ya maombolezo yale viongozi wengi waliahidi mengi. Ahadi nazo zahitaji kufuatiliwa, kama wagonjwa.

Watu wa Bomet na Kericho wameufundisha ulimwengu namna ya kumrudishia mgonjwa chakula kinywani bila mashine za gharama. Wameonyesha kwamba ugonjwa huweza kuonekana kabla haujaanza kuuma. Hawakudai malipo. Wanachodai, au wanachopaswa kudai, ni kwamba aliyewapima arudi awaambie alichokiona, na aliyewatibu arudi aone wanavyokula. Mcheza kwao hutunzwa. Hawa wamecheza kwao, na dunia nzima imetazama, kutuzwa bado.